Umechelewa kwa Saa ya Nani?

Kila mwaka Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) inapotangaza kwamba dirisha la udahili limefunguliwa, kuna watu wazima wanaolisoma tangazo lile neno kwa neno, kisha wanazima simu bila kumwambia mtu. Yumo karani aliyeajiriwa kwa cheti cha kidato cha nne, ambaye kila bosi mpya akija ni yeye anayemwelekeza kazi. Yumo muuguzi wa ngazi ya cheti aliyeanza kushika zamu za usiku wanawe wakiwa wachanga, na sasa wanawe wako sekondari. Yumo mama aliyefukuzwa shule kwa sababu ya ujauzito, leo ana duka la jumla na wafanyakazi wake. Wote hao wanajiambia maneno yale yale: mimi muda wangu umeshapita.

Umepita kwa saa ya nani?

Nauliza kwa uchungu, kwa sababu watu hawa ndio wanaoibeba nchi kila siku, na wanajifungia mlango ambao leo hakuna mtu anayewafungia. Wapo watakaokukumbusha kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Methali hiyo inahusu malezi ya watoto, na kwa watoto ni ya kweli. Haimhusu mtu ambaye amelea watoto wake mwenyewe, amesimamia msiba wa mzazi wake, na ameendesha nyumba kwa mshahara unaoisha tarehe kumi. Mtu huyo hakunjwi tena na mtu. Anajigeuza mwenyewe, kwa hiari yake, kuelekea anakotaka.

Tena nchi hii ina historia ambayo wengi wetu tumeisahau. Mwaka 1970 ulitangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Miaka minne baadaye, Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala cha wakati huo, ilikutana Musoma na kupitisha azimio lililobadili namna ya kuingia chuo kikuu. Waliomaliza kidato cha sita hawakwenda tena moja kwa moja: kwanza Jeshi la Kujenga Taifa, kisha kazi, ndipo uombe nafasi ukiwa na mapendekezo ya mwajiri na ya tawi la chama. Utaratibu ule ulilegezwa baadaye na ulikuwa na kasoro zake, lakini wazo lililokuwa ndani yake lina nguvu mpaka leo: mtu aliyekwisha kufanya kazi hufika darasani akijua anatafuta nini.

Mwaka 1992 Bunge likatunga sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, na mwaka uliofuata chuo kikaanza kazi. Hiki ni chuo kilichowafuata watu waliko, chenye vituo mikoani, ambako mwalimu wa Sumbawanga au mhasibu wa Lindi anasoma bila kuacha ajira. Mwaka 2015 Samia Suluhu Hassan, aliyezaliwa Januari 1960 na kuanza kazi kama karani baada ya sekondari, alipata shahada ya uzamili ya maendeleo ya uchumi wa jamii kupitia programu ya pamoja ya chuo hicho na Southern New Hampshire University ya Marekani. Alikuwa na miaka 55, umri ambao mtumishi wa umma anaruhusiwa kustaafu kwa hiari. Mwaka huo huo akawa Makamu wa Rais.

Na ukiona mfano huo ni wa wakubwa, vuka mpaka uende Eldoret. Januari 2004, mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza katika shule ya msingi Kapkenduiywo akiwa na miaka 84, kavaa kaptula ya shule kama wenzake. Serikali ya Kenya ilikuwa imefuta ada ya shule za msingi mwaka mmoja kabla, naye akasema kama ni bure basi na yeye aandikishwe. Alitaka kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe. Mwaka 2005 alisimama New York, kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa, akiitetea elimu ya bure. Alifariki mwaka 2009 akiwa bado mwanafunzi moyoni na vitendoni.

Maruge alikuwa na kitu ambacho wengi wanaosita hawajakipata. Alikuwa na sababu, na sababu yake ilitosha kwenye sentensi moja.

Hapo ndipo uamuzi wako unapoanzia. Acha kuhesabu miaka, chukua karatasi uandike: narudi chuo ili niweze kufanya nini? Kama jibu ni kwamba muundo wa utumishi umekuziba, kwamba huwezi kupanda daraja bila stashahada ingawa kazi ya daraja hilo unaifanya tayari, hiyo ni sababu. Kama unataka kuhama kutoka uuzaji wa dawa kwenda kuwa mfamasia kamili, hiyo ni sababu. Kama uliahidi nafsi yako zamani kwamba utasoma sheria, na ahadi hiyo haijakuacha ulale, hiyo nayo ni sababu, na usikubali mtu aidharau. Lakini kama unarudi ili kumkomoa shemeji, au ili kadi ya harusi ya mwanao iandikwe cheo mbele ya jina lako, subiri kwanza. Kozi itakapokuwa ngumu, sababu ya namna hiyo haitakuamsha alfajiri.

Ukishaipata sababu, piga hesabu. Mtumishi wa umma kwa kawaida hustaafu kwa lazima akifikisha miaka 60. Ukianza ukiwa na 42, ukamaliza shahada ya miaka mitatu, unabakiwa na miaka 15 ya kuitumikia. Hata ukienda polepole ukamaliza kwa sita, unabakiwa na 12. Na aliyejiajiri hana wa kumstaafisha. Bandu bandu huisha gogo, na kozi moja moja huisha shahada.

Najua hofu zako, na kila moja inastahili jibu.

Unasema kichwa kimekuwa kizito. Njoo nikuonyeshe muuguzi mmoja, saa tisa usiku, wodi ya watoto. Dripu zote zimekaguliwa, yeye ameketi kwenye meza ya zamu na notisi zake za stashahada. Somo ni upungufu wa maji mwilini. Mwenzake wa miaka 20 aliyetoka kidato cha sita anakariri dalili kwa mpangilio wa kitabu: ngozi ikivutwa inachelewa kurudi, macho yamezama, mtoto analia bila machozi. Huyu wa wodini akisoma mstari huo anaona nyuso. Anamkumbuka mtoto wa masika yaliyopita, ngozi ya tumbo lake ilivyobaki imesimama kati ya vidole viwili. Hakariri, anatambua. Kitabu kinampa majina na sababu za mambo aliyoyashika kwa mikono yake. Umri unaweza kukupunguzia kasi ya kukariri, lakini haukunyang'anyi mahali pa kuyashikiza yale unayojifunza.

Unasema utaaibika mbele ya vijana. Siku ya kwanza watakuamkia shikamoo, wengine wakidhani wewe ndiye mhadhiri. Itikia marahaba, uketi mbele. Baada ya wiki chache watakuwa wanakutumia notisi kwenye kundi la WhatsApp, watakuelekeza namna ya kupakia asainimenti kwenye mfumo wa chuo, na wewe utawatuliza siku ya testi watakapokuwa wanatetemeka. Ukipata sapu, yaani mtihani wa marudio, utaufanya kama wanavyoufanya wao. Wewe umeshavuka mitihani ya maisha ambayo haikuwa na sapu.

Unasema Kiingereza kimekutupa mkono. Anza kukisoma sasa, miezi kabla ya chuo: kurasa mbili kwa siku za kitabu cha fani yako, daftari la msamiati pembeni. Lugha ya fani ina maneno yake yanayojirudia, na ukiyazoea, nusu ya ugumu imeondoka.

Unasema fedha. Hapa nitakuwa mkali. Usiingie chuo kwa mkopo wa kausha damu. Hakuna shahada inayostahili kuuziwa friji na kitanda. Bodi ya Mikopo huweka masharti ya umri kwa waombaji, hivyo soma mwongozo wa mwaka husika kabla hujaitegemea. Ongea na mwajiri wako juu ya ruhusa ya masomo na kama anaweza kuchangia ada. Ombi lililoandikwa vizuri na kuonyesha ofisi itafaidika vipi ni gumu kulikataa. Chagua chuo kinachokuruhusu kulipa kulingana na kozi unazojisajili, ili mwaka mbaya upunguze kozi badala ya kuacha kabisa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini kuinama si kuvunjika mgongo.

Na nyumbani? Itisha kikao kabla ya kujaza fomu. Mwambie mwenzako kwa uwazi ni jioni zipi hutakuwepo, nani atapika, nani atasimamia kazi za shule za watoto, na ni sherehe zipi mtatuma mchango tu bila kwenda. Wapo wanawake walioacha chuo katikati kwa kuzidiwa na nyumba, masomo waliyaweza. Mume anayesema anakuunga mkono aushike mwiko.

Milango iko mingi kuliko unavyodhani. Uliyefeli kidato cha nne unaweza kurisiti kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ambaye hukufika kidato cha nne, utaanzia Mtihani wa Maarifa, maarufu kama QT, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ipo kwa ajili ya watu kama wewe. Mama uliyekatishwa masomo kwa ujauzito, jua kwamba Novemba 2021 Serikali ilitangaza kuwa wasichana wa hali hiyo warudi shuleni. Elimu uliyonyimwa wewe leo ni haki ya binti yako, nawe una njia zako za kuifuata. Uliyekosa alama za kuingia shahada, Chuo Kikuu Huria kina kozi ya foundesheni. Ujuzi ulioupata kazini nao unaweza kutambuliwa, kwa utaratibu wa TCU kwa wanaotaka chuo kikuu, na kwa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kwa fundi aliyejifunzia gereji au kwenye saiti za ujenzi. Popote utakapochagua, hakikisha chuo kimetambuliwa na TCU au NACTVET kabla hujatoa hata shilingi moja.

Basi usisubiri mwaka mpya, wala watoto wamalize, wala mambo yatulie. Mambo ya mtu mzima hayatulii. Leo vitoe vyeti vyako kabatini uvitandaze mezani. Kama vilipotea, anza na taarifa ya upotevu polisi, kisha uwasiliane na Baraza la Mitihani. Leo iandike ile sababu yako. Leo mwambie mtu mmoja unayemheshimu, ili kesho akuulize umefikia wapi. Wiki hii nenda kituo cha chuo kilicho karibu nawe ukaulize ada, sifa na ratiba, uso kwa uso, bila kuona haya. Yale ambayo bado huyajui utayajifunza darasani, na ndiyo maana unakwenda.