Kijana, Usiifukie Hadithi Uliyopewa



Wapendwa vijana wenzangu, leo naomba niongee na kundi dogo kati yenu ambalo huwa halisemi sana: ninyi wenye daftari. Mnajijua. Karibu kila parokia niliyopangiwa wakati wa likizo nimekuta angalau kijana mmoja wa namna hii. Anaimba kwaya kama wengine, anahudhuria TYCS au VIWAWA kama wengine, ila nyumbani ana kaunta buku anamoandika hadithi, na hataki mtu aione. Ukimwuliza anacheka tu: "Aah Frateri, ni mambo ya kitoto haya."

Baadaye, watu wakishatawanyika, anarudi na maswali. Na maswali yenyewe karibu kila mara ni yale yale matatu. Je, mimi sio mdogo mno kuandika riwaya? Je, huku sio kupoteza muda ambao ningesoma au kusali? Na je, Mkatoliki anaruhusiwa kuandika habari za walevi, wahuni na wasichana waliopotea njia? Hebu tuyachukue moja moja.

Swali la kwanza: umri

Fungua Yeremia sura ya 1. Mungu anamwita, na kitu cha kwanza Yeremia anachotoa ni umri wake. Anasema hajui kusema kwa kuwa bado ni mtoto. Mungu hamwambii kwamba amekosea hesabu ya miaka. Anamwambia tu asiitumie hiyo kama sababu, kwa sababu atakwenda kokote atakakotumwa.

Sasa nikupeleke Marekani, mji wa Tulsa, jimbo la Oklahoma, miaka ya 1960. Kulikuwa na msichana wa sekondari anaitwa Susan Eloise Hinton, aliyezaliwa mwaka 1948. Shuleni kwao wanafunzi walikuwa wamegawanyika kwa pesa za wazazi wao. Huku watoto wa matajiri wenye magari mazuri, huku watoto wa maskini wenye nywele ndefu zilizopakwa mafuta, na katikati chuki na ngumi. Siku moja rafiki yake mmoja alipigwa vibaya akiwa njiani kurudi nyumbani, kwa sababu tu ya kundi alilohesabiwa kuwamo. Susan akakasirika. Akarudi nyumbani, akaanza kuandika habari za mvulana anayetoka sinema kwa miguu na kuvamiwa njiani. Alikuwa na miaka 15.

Hadithi hiyo ndiyo iliyokua ikawa riwaya ya The Outsiders. Sehemu kubwa aliiandika akiwa na miaka 16, na ilichapishwa mwaka 1967 akiwa na miaka 18. Mkataba wa wachapishaji ulimfikia siku ile ile ya mahafali yake ya sekondari. Jina likaandikwa S. E. Hinton, kwa kuwa wachapishaji waliogopa kwamba wahakiki wangeidharau hadithi ya magenge ya wavulana wakijua kaiandika msichana. Halafu sikia hili, maana litawafariji wengi: mwaka ule aliokuwa akiiandika, darasani alipata alama D katika somo la uandishi wa kubuni. Na mwaka huo huo baba yake mzazi alikuwa anaugua saratani ya ubongo, mpaka ikamwondoa duniani.

Simleti kwenu kama mtakatifu wa kuombwa. Namleta kwa sababu tunapenda kusema "nitaandika nikiwa mkubwa, mambo yakitulia", na kwake hayakutulia. Mambo ya watu wazima aliyajua kidogo tu, lakini kuna jambo moja alilolijua vizuri kuliko mtu mzima yeyote wa mji ule: jinsi inavyouma kuwa kijana ambaye watu wanamhukumu kwa nguo zake. Akaandika hilo. Wewe una umri ambao hautarudi tena. Kuna vitu unaviona leo ukiwa na miaka 16 ambavyo ukifika 40 utakuwa umevisahau, na hakuna mwingine atakayeviandika kwa niaba yako.

Swali la pili: muda

Hapa lazima niwe mkweli, maana wengi wanafikiri riwaya hushuka kama umeme. Unakaa, Roho anakujaza, unaandika usiku kucha, kwisha. Sivyo. Rasimu ya kwanza ya Susan ilikuwa na kama kurasa 40 tu za taipureta. Akairudia. Akaongeza. Akairudia tena. Jumla rasimu nne, mwaka mmoja na nusu, huku anasoma shule kama ninyi.

Na ukitaka kuona kuandika upya ndani ya Biblia, soma Yeremia sura ya 36. Yeremia anasema, katibu wake Baruku anaandika kwa wino kwenye gombo, neno kwa neno. Gombo linafika kwa mfalme Yehoyakimu, ambaye ameketi kwenye nyumba yake ya wakati wa baridi, moto uko mbele yake. Kila zikisomwa safu tatu au nne, mfalme anazikata kwa kisu na kuzitupa motoni, mpaka gombo lote linateketea. Kazi yote imekuwa majivu! Fikiria uso wa Baruku alipopata habari hizo. Mungu anasema nini? Chukua gombo lingine, andika tena. Wakaandika yote yaliyokuwemo, na sura hiyo inamalizika kwa kutuambia kwamba mengine mengi ya namna hiyo yaliongezwa. Gombo la pili lilikuwa refu kuliko la kwanza.

Ndugu yangu, kuna siku mtu atalicheka daftari lako, au litanyeshewa na mvua, au simu uliyoandikia itaibiwa. Na kuna siku ngumu zaidi, ambayo utasoma ulichoandika na kugundua mwenyewe kwamba ni kibovu. Siku hiyo mkumbuke Baruku.

Nilipokuwa nasoma falsafa nilikutana na jambo kwa Mtakatifu Thomas wa Akwino ambalo bado linanisumbua, kwa uzuri. Anafundisha kwamba ufundi unapimwa kwa uzuri wa kitu chenyewe kilichotengenezwa. Nia ya fundi ni suala lingine. Seremala anaweza kuwa mtu wa sala sana, lakini kiti chake kikiyumba, kinayumba. Kwa hiyo usidhani kwamba kwa kuwa hadithi yako inamtaja Bikira Maria basi imeshakuwa nzuri. Kama wahusika wako wanaongea kama katekisimu, hakuna atakayefika ukurasa wa kumi. Kurekebisha sentensi mara ya tano nako kunaweza kuwa namna ya kumheshimu Mungu, kama vile mama anavyofua vitambaa vya altare ambavyo hakuna atakayeuliza nani kavifua.

Je, nisemeje kuhusu masomo na sala? Simwambii mtu aache kujiandaa na mtihani wa kidato cha nne halafu aseme Frateri karuhusu! Muda ninaouongelea ni ule ambao tayari unapotea, ile saa moja ya kupitisha kidole kwenye simu ukiwa umelala. Baada ya riwaya ya kwanza, Susan alipata umaarufu, na umaarufu ukamfunga mikono. Kwa kama miaka mitatu hakuweza kuandika, maana sasa alijua watu wanamtazama. Kilichomfungua ni mchumba wake, ambaye baadaye alikuwa mume wake. Alimdai kurasa mbili kila siku, la sivyo hawatoki kwenda matembezini. Kurasa mbili tu. Riwaya ya pili ikatoka mwaka 1971.

Naona mambo mawili hapo. Kwanza, ukianza kuandika ili usifiwe, kalamu inakuwa nzito. Ndiyo maana katika Mathayo sura ya 6 Yesu anatufundisha kusali mlango ukiwa umefungwa. Pili, hata Yeremia alihitaji Baruku. Tafuta rafiki mmoja mwaminifu wa kukudai kurasa zako. Mmoja anatosha.

Swali la tatu: watu wabaya

Ndani ya The Outsiders kuna ngumi, visu, sigara na kifo. Msimulizi ni Ponyboy, mvulana yatima wa miaka 14 anayelelewa na kaka yake mkubwa. Yeye na rafiki yake Johnny wanaingia kwenye balaa la mauaji, wanakimbia, wanajificha kwenye kanisa lililoachwa. Kanisa hilo linashika moto watoto wakiwa ndani. Na wanaoruka dirishani kuingia kuwaokoa ni hao hao wahuni ambao mji mzima ulishawakatia tamaa. Johnny analipa kwa maisha yake. Mwandishi hakuweka mahubiri hapo. Alituacha tuone wenyewe kwamba hata ndani ya mtoto anayeitwa takataka kuna kitu ambacho Mungu hajaacha kukipenda.

Hapa kwetu tulikuwa naye Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe, aliyesoma seminari ya Nyegezi kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ilitoka mwaka 1971. Ina jina la sifa ya Mama Maria tunayoitaja kwenye litania, na ndani yake kuna binti aliyelelewa kwa ukali wa baba, akaharibikiwa. Kuna wakati ilipigwa marufuku mashuleni. Lakini ni wazazi wangapi walijiona humo?

Tena tukumbuke nani alitusimulia habari za mtoto aliyetapanya mali kwa anasa hadi akatamani chakula cha nguruwe. Yesu mwenyewe. Kosa haliko katika kumwandika mdhambi. Swali ni unamwandika kwa macho gani: ya kumdhalilisha, ya kumtamanisha msomaji dhambi, au ya yule baba aliyemwona mwanae akiwa bado mbali? Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, ambaye ujanani aliwahi kufundisha fasihi katika shule ya Wajesuiti huko Argentina, aliandika mwaka 2024 barua nzima kuhusu nafasi ya fasihi katika malezi. Mwanzoni aliiwaza kwa ajili yetu tunaolelewa kuwa mapadre, kisha akaona inawafaa Wakristo wote. Aliona kwamba kusoma riwaya kunatufundisha kusikia sauti ya mtu mwingine. Kama kusoma kunafanya hivyo, kuandika je? Msichana wa miaka 16 kukaa mwaka mzima ndani ya moyo wa mvulana yatima ni shule ya kumpenda jirani.

Basi tufanyeje?

Chukua mambo manne uanze nayo wiki hii.

Moja, mtafute mtu ambaye hakuna anayemwona mtaani kwenu, na anza na yeye. Ila usianike siri za watu. Badili majina, badili mazingira; usengenyaji ukiitwa riwaya bado ni usengenyaji.

Mbili, andika kurasa mbili kwa siku, au hata moja, saa ile ile. Ukimaliza rozari ya familia, kaa chini.

Tatu, usiiachie akili mnemba ikuandikie. Itakupa sentensi zilizonyooka, lakini haikuwepo siku rafiki yako alipopigwa. Wewe ulikuwepo.

Nne, maliza. Hata kama ni vibaya. Rasimu mbovu iliyokamilika inaweza kurekebishwa, ile iliyobaki kichwani haiwezi.

Katika mfano wa talanta, yule mtumishi wa tatu hakuiba wala hakutapanya. Aliogopa tu, akafukia. Bwana wake alimwambia angalau angeipeleka kwa watoa riba. Maana yake kidogo kingepokelewa. Kinachomsikitisha Bwana ni shimo.

Tusali: Ee Yesu, Neno uliyefanyika mwili, uliyeketi ukasimulia hadithi kwa wavuvi na wakulima, watazame vijana wenye madaftari. Wape macho ya kuwaona waliosahauliwa, wape uvumilivu wa Baruku, na uwaondolee woga. Amina.

Mungu awabariki. Tuombeane.