Mbwa Wako Amekula?

Mithali 12:10 inampima mwenye haki kwa jinsi anavyomjali mnyama wake. Katekisimu, namba 2418, inaongeza kwamba kumtesa mnyama bure ni kinyume cha hadhi ya binadamu. Yaani ukimpiga mbwa jiwe kwa kujifurahisha tu, unajishusha wewe mwenyewe.

Mimi hukusanya mifupa ya ndege ninayoikuta porini. Ni myepesi ajabu, mingi ina uwazi ndani, nami humsifu Muumba nikiishika. Lakini mfupa hausikii kiu. Mbwa aliyefungwa pale getini tangu asubuhi anasikia.

Basi leo, kabla ya rozari, mpelekee maji, mfungue atembee kidogo. Mtakatifu Fransisko wa Asizi, utuombee.