Je, Mtu Ana Ruhusa ya Kusema Yote Apendayo?



Watu wengi husema: «Kinywa ni changu, nitasema nipendavyo.» Wengine hujibu: «Atakaye amani na anyamaze.» Maneno hayo yote mawili yana kosa ndani yake. Tuyachungue polepole, kwani jambo hili lagusa nyumba zetu, kijiji na nchi nzima.

1. Haki ya kusema yatoka wapi?

Mwenyezi Mungu alimpa mtu akili apate kuijua kweli, akampa na ulimi apate kuwashirikisha wenzake ile kweli. Mnyama hulia akiona njaa au hofu, mtu peke yake aweza kusema: «Jambo hili ni haki, lile si haki.» Kwa hiyo haki ya kusema si zawadi ya mwami wala ya serikali. Mtu huzaliwa nayo. Kazi ya serikali ni kuilinda. Mataifa yaliikiri katika Tangazo la Haki za Binadamu, mjini Paris, tarehe 10 Desemba 1948, kifungu cha 19. Naye Papa Yoane XXIII, katika barua yake Pacem in Terris ya mwaka 1963, aliihesabu kati ya haki za kila mtu, ndani ya mipaka ya maadili na mafaa ya wote.

Haki hii ni ngao ya mnyonge. Mwenye nguvu ana askari, tajiri ana fedha, maskini ana neno lake tu. Vita vilipoingia Kivu mwaka 1996, Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa wa Bukavu alisema waziwazi kwa ajili ya raia na wakimbizi; akauawa tarehe 29 Oktoba mwaka ule. Aliyemfuata, Emmanuel Kataliko, alikemea mateso ya watu katika barua yake ya Noeli ya mwaka 1999. Mwezi wa Februari 2000 waasi waliotawala mji wakampeleka uhamishoni Butembo, asirudi mpaka Septemba. Wangalinyamaza hao, nani angaliwasemea wasio na sauti?

2. Mpaka wake u wapi?

Ulimi hauna mfupa, lakini huvunja mifupa. Huko Rwanda, redio RTLM ilianza kutangaza mwaka 1993, ikawaita Watutsi «mende». Mauaji yalipoanza Aprili 1994, ilitaja majina ya watu na mahali walipo, ikawahimiza wauaji. Aliyesema mbele ya mikrofoni hakushika panga; je, hana damu mikononi? Mahakama ya kimataifa ya Arusha ilijibu. Mwaka 2003 ilimhukumu Ferdinand Nahimana, mmoja wa waanzilishi wa redio ile. Na rufani ya mwaka 2007, ingawa ilimpunguzia adhabu, haikumwondolea hatia ya uchochezi.

Tusiseme: «Hayo ni ya redio, si yetu.» Mtoto amekufa kwa homa, mtu asema barazani kwamba kizee fulani amemroga. Hana ushahidi wowote. Usiku nyumba ya kizee yachomwa. Msemaji yule amevunja amri ya nane, akafungua na mlango wa kuvunja amri ya tano.

3. Nani auweke mpaka?

Hapa yatupasa kuwa na busara. Kama yule anayekemewa ndiye mwenye kuamua neno gani ni tusi, basi kila karipio litaitwa tusi. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilifunga gazeti la Kikatoliki Afrique Chrétienne, na Kardinali Malula akalazimika kukaa Roma miezi kadhaa. Watawala wale nao walidai kwamba wanalinda umoja wa nchi.

Mtakatifu Toma wa Akwino alifundisha kwamba sheria za watu hazikatazi kila dhambi, bali zile nzito, hasa ziwadhuruzo wengine. Basi sheria na iadhibu machache yaliyo wazi: kuchochea mauaji, kushuhudia uwongo, kuharibu jina la mtu kwa kusingizia. Amuzi liwe la hakimu, lisiwe la aliyekaripiwa. Mengine yote, kama umbeya na maneno makali, yaachiwe dhamiri, wazee na jibu jema. Lakini tukumbuke: lisiloadhibiwa na hakimu laweza kuwa dhambi mbele ya Mungu.

4. Tufanyeje sisi?

Kabla ya kusema, jiulize: Je, ni kweli, nami nimeijuaje? Nasema ili niponye au niumize? Je, hapa ndipo mahali pake, au nimwendee kwanza mwenye kosa tukiwa wawili?

Ukiisha kujibu vema, usiogope. Anayeona mnunuzi akiwaibia wakulima kwa mizani ya uwongo, naye akanyamaza ili asichukiwe, ameshiriki wizi ule.

Maswali ya kujibu

Kwa nini Mungu alimpa mtu ulimi? — Ili aseme kweli kwa upendo.
Je, uhuru ni ruhusa ya kusingizia? — Hapana; uwongo humnyima mwenzangu haki yake.
Je, kunyamaza ni wema daima? — Hapana, ni kosa pale mnyonge anapohitaji shahidi.