Mtoto Mmoja, Mtu Mzima Mmoja: Ahadi Ina Uzito Gani?



Baadhi yetu tumekuwa tukiulizana baada ya ibada juu ya kazi ya kujitolea kuwa mlezi wa mtoto mmoja asiye wako. Huishi naye wala huchukui nafasi ya wazazi wake. Mnakutana saa moja au mbili kila wiki, mnasoma maktaba, mnatembea Roe Green Park, mnazungumza. Hakuna malipo. Swali ni hili: kama hatulipwi, je, tuna haki ya kuacha tukichoka?

Nyumbani tulisema mkono mmoja haulei mwana, na ndivyo tulivyoishi. Jirani alikutuma dukani, akakukemea, akakulisha. Lakini hata kati ya mikono ile mingi, alikuwepo mmoja aliyejulikana kuwa wako. Kule pwani binti alikuwa na somo wake, mama mtu mzima wa kumfunza na kusikiliza yale asiyoweza kumwambia mama mzazi. Sisi Wakristo tuna wasimamizi wa ubatizo. Mama wa binti hakuona kwamba somo amemvunjia heshima. Basi mzazi wa hapa Kingsbury anayefanya kazi mbili asione aibu mwanawe akipata mtu wa pili wa kumsikiliza.

Mmoja huyo akikosekana, mikono mingi yaweza kumwacha mtoto aanguke. Victoria Climbié, mtoto wa Ivory Coast, aliletwa Uingereza mwaka 1999 na ndugu wa ukoo wake. Aliwahi kuishi Harlesden, humu humu Brent. Tarehe 25 Februari 2000 alifariki akiwa na miaka 8, kwa mateso ya ndugu huyo na mwanamume aliyeishi naye. Ripoti ya Lord Laming ya Januari 2003 ilitaja angalau nafasi 12 za kumwokoa zilizopotea. Maofisa wa ustawi wa jamii, polisi, madaktari na wauguzi walimwona, na kila mmoja alimwona kidogo tu. Sisi tunaofanya kazi wodini tunaisoma ripoti ile kwa uchungu.

Tunajifunza mambo mawili. Kwanza, mtoto anahitaji mtu anayemjua kiasi cha kugundua kwamba leo amebadilika. Pili, undugu peke yake si cheti cha uaminifu, wala kuwa muumini. Kwa hiyo tukiambiwa tukaguliwe na DBS, idara inayoangalia rekodi za makosa ya jinai, au tukutane na mtoto mahali pa wazi, tusiseme tumedharauliwa. Mtoto hawezi kusoma mioyo yetu. Na DBS haimtozi ada anayejitolea.

Turudi kwenye swali la kuacha. Mwaka 2002 watafiti Jean Grossman na Jean Rhodes walichapisha uchunguzi wao juu ya vijana wa Big Brothers Big Sisters ya Marekani. Waliokaa na mlezi wao mwaka mmoja au zaidi ndio walionufaika zaidi. Wale ambao uhusiano wao ulivunjika ndani ya miezi 3 walishuka katika kujithamini. Maana yake ni kwamba nia njema ya muda mfupi yaweza kuumiza.

Hili halitushangazi. Watoto wetu wengi walishaachwa mara moja, kwa bibi kule Nakuru au Bukavu, mpaka viza ilipotoka. Mtoto kama huyo hajui kwamba zamu zako zimebadilishwa. Anachojua ni kwamba hukuja, na anadhani yeye ndiye amekuchosha.

Kwa hiyo tunasema hivi: kuanza ni hiari, kuacha si hiari ile ile. Ahadi ni deni, na deni hili halipungui kwa kuwa hakuna mshahara. Linaongezeka. Mwenye mshahara akiondoka, mtoto ataelewa kwamba kazi imekwisha. Wewe aliamini umekuja kwa ajili yake.

Mtu atauliza: na ugonjwa je? Na kuhama nyumba, au barua ya uhamiaji? Ni kweli, maisha yetu hapa hayana uhakika. Lakini wodini hakuna muuguzi anayeondoka bila kukabidhi zamu, hata awe amechoka vipi. Mlezi naye afanye hivyo. Amweleze mratibu mapema, amwambie mtoto siku ya mwisho ni lini, amwambie sababu kwa maneno anayoyaelewa, waagane ana kwa ana. Kuondoka kwa namna hiyo si kumtupa.

Na kama watoto wako mwenyewe wanakuona umelala tu baada ya zamu ya usiku, ngoja kwanza. Kusema "mwaka huu siwezi" ni jibu la heshima.

Kabla ya kuandikisha jina, angalia ratiba ya mwaka mzima, usiangalie ya wiki hii. Kama unachoweza ni saa moja kila baada ya wiki mbili, ahidi hiyo tu, uitimize. Mordekai alipita kila siku mbele ya ua wa nyumba ya wanawake ili ajue hali ya Esta. Hakuwa na cheo cha kumwingiza ndani, lakini siku haikupita bila yeye kufika.