Semeni na Watoto Wenu

Wanangu, haya nimeyasema misibani na harusini hadi nimechoka, ila kunyamaza kunanichosha zaidi. Mnataka kujua mwisho wa juma msome nini kuhusu ubaba. Basi nitawapa vitabu viwili na tenzi mbili.

Anzeni na cha Chinua Achebe kilichotoka 1958, ambacho kwa Kiswahili kinaitwa Shujaa Okonkwo. Wengi wakikimaliza hukumbuka mieleka, na panga lililomuua Ikemefuna, kijana aliyekuwa akimwita Okonkwo baba. Mimi nawaomba mtulie kwenye ule usiku ambao kuhani Chielo alimbeba Ezinma, binti wa Okonkwo, mgongoni kumpeleka pangoni. Mama mtu alifuata gizani, roho mkononi. Okonkwo naye alikwenda. Alikwenda na kurudi mara nne kabla ya kumkuta mkewe pale, na usingizi haukumjia hadi kunakucha. Lakini hakuna mwingine aliyejua, maana kwake kuonyesha wasiwasi kulikuwa udhaifu. Huyu alipenda, wanangu. Tatizo ni kwamba watoto wake walionyeshwa hasira tu. Baadaye Nwoye, mwanawe wa kwanza, alipoulizwa hali ya baba yake akiwa kwa wamisionari, alijibu kwamba yule si baba yake.

Cha pili ni Dreams from My Father cha Barack Obama, cha 1995. Baba yake, Mjaluo wa Kenya, aliondoka mtoto akiwa mdogo mno. Walionana tena mara moja tu, huko Hawaii mwaka 1971, kwa muda wa kama mwezi mmoja. Mtoto alibaki na mpira wa kikapu aliopewa zawadi. Mzee akafariki 1982, na kijana akalazimika kusafiri hadi Alego kuwauliza shangazi na bibi: baba yangu alikuwa mtu gani? Hilo swali linaniuma kila ninapolisoma, kwa sababu mwenye jibu alikuwa hai miaka yote ile.

Kisha mchukueni Shaaban Robert, karani wa serikali ya kikoloni aliyefariki 1962. Kwa binti yake aliandika Utenzi wa Hati, kwa mwanawe Utenzi wa Adili. Aliketi akawatungia watoto wake beti kwa beti, akiwaeleza anachowatakia maishani. Mshahara wa karani haukuwa mkubwa, wala hakungoja kustaafu.

Msiniambie kazi zimewabana. Tanzania sheria ya kazi ya 2004 inampa baba siku 3 mtoto akizaliwa. Kenya ni wiki 2. Ni chache, nami natamani ziongezwe. Ila ninachowaomba hakihitaji likizo. Jumamosi mtoto anakuja na daftari la hesabu, anasimama kando ya kiti, anangoja. Macho yako yako kwenye mpira. Unamwambia, "Kamwone mama yako." Naye huenda, na kadiri anavyokua anaacha kabisa kuja.

Najua mtanijibu kwamba baba zenu hawakuwaambia neno na bado mmekua. Mmekua, ndiyo. Lakini ni ninyi hao hao mnaonijia baada ya arobaini kuniuliza kama marehemu aliwahi kuwataja kwa wema. Alikuwa akiwataja, wanangu, tena sana, kwetu sisi wenzake barazani. Jumapili hii muiteni mtoto, mkae naye, mwambieni ninyi wenyewe.