MKEKA USIO NA PINDO



Ndugu zangu wapenzi wa mtaa huu,

Padre aliponiomba niandike neno la kuaga katika kurasa hizi, nilidhani kazi hiyo ingekuwa nyepesi. Mimi ni mwalimu, na karibu miaka 40 nimeishi kwa chaki. Nilikusudia kuwashukuru, kuwaombea heri, kisha niweke nukta. Lakini nilipoanza kufunga mizigo ya kwenda kwa mwanangu Dodoma, nilikuta kitu nyuma ya kabati, na tangu siku hiyo neno langu limegeuka. Naomba mnivumilie mpaka mwisho, maana lililo zito liko mwishoni.

Somo letu latoka katika Matendo ya Mitume, sura ya 18, mstari wa 1 hadi wa 3. Paulo anafika Korintho, mji ambao kwake ni mgeni. Huko anamkuta Myahudi mmoja, jina lake Akila, mzaliwa wa Ponto, pamoja na mkewe Prisila. Hawa nao ni wageni. Wametoka Italia si kwa kupenda, bali kwa sababu Kaisari Klaudio aliwaamuru Wayahudi waondoke Rumi. Wataalamu wengi huliweka jambo hilo karibu na mwaka 49.

Yafaa tujiulize: mtu aliyeamriwa kuhama huchukua nini? Nyumba haibebeki, wala kisima, wala kivuli cha mwembe, wala jirani. Akila na Prisila walichukua kile kilichokuwa katika vidole vyao, yaani kazi ya kushona hema. Paulo naye alikuwa na kazi hiyo hiyo. Kwao Kilikia palijulikana kwa kitambaa kizito kilichofumwa kwa singa za mbuzi. Basi akakaa kwao, wakafanya kazi pamoja. Urafiki wao ulianzia kwenye sindano na uzi.

Tena tazameni jinsi watu hawa walivyozidi kuhama. Katika sura hiyo hiyo twawaona wakivuka bahari pamoja na Paulo hadi Efeso. Katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 16, twasikia kwamba Wakristo wa huko hukutanika nyumbani mwao. Kisha katika Waraka kwa Warumi, sura ya 16, wako Rumi tena, na kanisa li nyumbani mwao tena. Kila walipoweka mizigo chini, mlango wao ulikuwa wazi kwa kanisa. Watu wa namna hii hawakuishi kana kwamba maisha yameachwa nyuma katika mji wa kwanza.

Sisi wa Masasi hatuna haki ya kuyaona mambo haya kuwa mageni. Kanisa letu lenyewe lilianzishwa na watu waliohama. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliondoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa utumwani, nia yao ikiwa ni kwenda upande wa Ziwa Nyasa. Walipofika hapa chini ya majabali yetu, walitua, wakajenga, wakalima. Mwaka 1882 wakavamiwa, wengine wakachukuliwa mateka, na kazi ya misheni ikahamia Newala kwa muda. Hata hivyo kanisa halikufa, maana halikuwa limefungwa katika miti na nyasi za majumba yale.

Nami nimewahi kuhama. Mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, nilikuwa na miaka 13. Nakumbuka lori lilipokuja, baba alikuwa anahangaika na kuku na mlango wa nyumba, maana alitaka kuung'oa aende nao. Mama alizungusha ukili wake uliokuwa haujaisha, akaufunga kwa kamba, akaukalia. Lakini kabla ya hapo, asubuhi na mapema, alikuwa amepita nyumba zote za jirani kuaga. Alipita hata kwa mama mmoja ambaye mbuzi wake alikuwa amekula mihogo yetu, na kwa ajili ya mihogo hiyo walikuwa hawasalimiani tangu masika. Nilimwuliza, "Mama, huyo naye wa nini?" Akanijibu, "Nikimwacha hivi, nitahama naye." Wakati ule sikumwelewa.

Nataka sasa niwaeleze vijana jinsi mkeka unavyotengenezwa, kwa maana wengi wenu mnaununua tu, na siku hizi mnanunua wa plastiki. Ukindu mchanga hukatwa mabondeni, huanikwa juani mpaka ukauke na kuwa mweupe. Kisha huchanwa kuwa chane nyembamba zilizo sawa, na zile zinazotakiwa rangi huchemshwa katika chungu au sufuria ya rangi. Chane hulowekwa kidogo zisivunjike, ndipo msukaji huanza ukili, ule mshipi mrefu wa pima nyingi. Ukili ukitosha, hupangwa ubavu kwa ubavu na kushonwa kwa shazia hadi uwe mkeka. Mwisho kabisa hutiwa pindo kuuzunguka wote.

Katika kazi hiyo mna mafundisho mawili ya kuagana, nami naomba myashike.

La kwanza ni la chane. Chane moja haiwezi kumaliza ukili. Kila moja ina urefu wake, ikifika mwisho imefika. Lakini msukaji hangoji mpaka iishe ndipo atafute nyingine. Chane ya zamani ikiwa bado ina kipande, huilaza mpya juu yake, akasuka zote mbili pamoja kwa hatua chache, kisha ile ya zamani ikaachwa itulie ndani. Hivyo ndivyo tunavyopaswa kuachiana kazi za kanisa. Mwalimu wa watoto wa Jumapili asiondoke leo na mwingine aanze kesho. Mtunza hazina asikabidhi funguo kwa dereva wa basi. Tuwalaze wapya juu yetu tungali na nguvu, tusuke pamoja, kisha tutulie. Namshukuru Mungu kwamba darasa langu la kipaimara nimelikabidhi hivyo tangu mwaka jana.

La pili ni la pindo, nalo ndilo lililonichoma. Mkeka usio na pindo waweza kutandikwa, na mgeni akaukalia asijue. Lakini kila ukikunjwa na kukunjuliwa, ukingo wake unafumuka kidogo. Kwanza inachomoza chane moja, kisha mbili, kisha uzi wa kushonea unalegea. Aliye mvivu wa pindo huona amepata faida ya siku mbili, kumbe amepoteza kazi ya miezi miwili.

Ndugu zangu, nyuma ya kabati langu nimekuta mkeka usio na pindo. Nusu ya ukili wake niliusuka mimi. Nusu nyingine aliisuka dada mmoja wa mtaa huu, ambaye nimekaa naye zaidi ya miaka 10 bila neno la maana kupita kati yetu isipokuwa amani ya Misa, na hiyo nayo ya ncha za vidole. Jina lake silitaji kwa kuwa ndivyo alivyotaka. Waliokuwepo wanamjua.

Mwaka 2013 sisi akina mama tulisuka mikeka tuuze siku ya sikukuu ya mavuno, fedha isaidie kununua bati za nyumba ya katekista. Mimi nilishika daftari. Dada huyu aliuza. Tulipohesabu zikapungua shilingi 45,000, bei ya mikeka mitatu. Nikamwuliza mbele ya wote fedha iko wapi. Akasema amenipa mkononi asubuhi ile. Nikasema, kwa sauti ile ile niliyowasemea watoto darasani, "Daftari halisemi uongo." Alichukua shazia lake, akatoka. Hakurudi tena kusuka nasi.

Baada ya miezi miwili nilifungua kitabu changu cha maandalio ya masomo, nikakuta bahasha. Ndani yake shilingi 45,000. Juu yake, kwa mwandiko wangu mwenyewe, "mikeka mitatu."

Nilifanya nini? Niliitia fedha katika hazina. Nilisahihisha daftari kwa kalamu nyekundu. Kikao kilichofuata nikatangaza kwamba fedha zimepatikana, sikusema zimepatikana wapi. Kisha nikaendelea kufundisha watoto amri ya nane, kwamba mtu asiibe, na ya tisa, kwamba asimshuhudie jirani yake uongo. Nilisahihisha daftari, sikumsahihishia mtu. Mwalimu wa hesabu mimi!

Bwana wetu ametufundisha katika Injili ya Mathayo, sura ya 5, mstari wa 23 na 24, kwamba mtu akiwa amefika na sadaka yake madhabahuni, akakumbuka kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka hapo hapo, aende kwanza wapatane. Sikilizeni vema. Bwana hakusema, "ukikumbuka kwamba wewe una neno juu ya ndugu yako." Amesema, yeye ana neno juu yako. Kosa likiwa letu, ndipo miguu inapotakiwa kuwa yetu. Nami kwa miaka yote hiyo nimepiga magoti madhabahuni nikiwa na bahasha ile moyoni.

Basi nikauchukua ule mkeka, nikaenda kwake. Nilibisha hodi, akasema, "Karibu, Mwalimu." Nikamwambia nimekuja kuaga. Akasema, "Safari njema." Nikabaki nimesimama. Ndipo nikamweleza habari ya bahasha yote, tangu mwanzo.

Alinyamaza muda mrefu, akiendelea kupeta mchele. Kisha akasema, "Fedha hukuniibia, Mwalimu. Jina ndilo uliloniibia, na uliliiba mbele za watu."

Nikamwuliza, "Nifanye nini, dada?"

Akasema, "Ulipolichukulia, ndipo ulirudishe."

Alikuwa na haki. Kumwomba radhi sebuleni pake kwa kosa nililolitenda hadharani kungekuwa ni kushona ndani na kuacha ukingo. Wahenga walisema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Lakini mimi ndimi niliyemvua mwenzangu, na yeye ndiye aliyechutama miaka yote hii, akikaa kiti cha nyuma na kuondoka kabla ya chai.

Kwa hiyo nasema hapa, ili asome kila aliyekuwepo na kila aliyesikia baadaye: dada yule hakuchukua shilingi hata moja. Alinikabidhi fedha yote. Mimi niliiweka nikasahau, nikamshitaki, nikagundua kosa langu, nikalificha. Namwomba radhi yeye na watoto wake. Naomba radhi kwa akina mama wenzangu, ambao niliwaacha muamini uongo. Namwomba Mungu anisamehe.

Padre ameniruhusu kuyasema haya pia kanisani, baada ya matangazo, Jumapili ya kwanza gazeti hili likiwa mikononi mwenu. Nimemwomba mwanangu aisogeze safari hadi juma la pili baada ya hapo, ili mwenye neno la kunikemea anikute. Sikutaka kurusha maneno dirishani na basi likiwa linaondoka.

Mtaniuliza kama amenisamehe. Hilo ni lake na Mungu, nami sina haki ya kulihimiza. Niwezalo kuwaambia ni hili: nilipotaka kuondoka aliuchukua mkeka mkononi mwangu, akauzungusha na kuutazama ukingo kwa kidole. Akasema, "Uache hapa. Pindo nitalitia mimi, mkono wako wewe ni mzito." Nami kwa kweli ni mzito, hata chuoni mwaka 1980 mkufunzi wetu wa kazi za mikono alinipa alama za huruma. Mkeka bado uko kwake. Sijui kama nitauchukua au utabaki. Vyovyote vile, utakuwa na pindo.

Katika sura ya 20 ya Matendo, Paulo anaagana na wazee wa Efeso pale Mileto. Kabla ya machozi na kukumbatiana anawaambia mambo ya wazi kabisa: kwamba hakutamani fedha wala mavazi ya mtu, na kwamba mikono yake mwenyewe imemtumikia yeye na wenzake. Alikuwa ameweka hesabu zake sawa, ndipo akapiga magoti nao. Machozi yale yalikuwa ya upendo mtupu, maana hapakuwa na deni la kuyachafua.

Hapana shaka katika mtaa huu wako wengine wanaojiandaa kuhama. Wako walimu waliopata uhamisho, vijana wanaokwenda mjini kutafuta kazi, mabinti wanaoolewa mbali, na sisi wazee tunaochukuliwa na watoto wetu. Na iko safari moja ambayo sote tutaisafiri, na ile haina tarehe inayotangazwa. Fungeni masanduku yenu, lakini kwanza zungukeni ukingo wa maisha yenu kwa kidole, kama alivyofanya dada yangu. Chane inapochomoza, msiikunjie ndani. Nendeni mkabishe hodi. Sasa ndiyo naelewa maneno ya mama yangu, kwamba mtu unayemwacha vibaya unahama naye.

Dodoma sijui kama nitapata ukindu. Nitajifunza kazi za wenyeji wa huko, na nitawatafuta wanaokutanika kusali, maana Akila na Prisila wametufundisha kwamba mlango wa mgeni nao waweza kuwa mlango wa kanisa.

Tuombe. Ee Bwana, uliyefanya kazi ya mikono Nazareti, uwalinde wanaohama na wanaobaki. Utupe ujasiri wa kuyarudisha tuliyoyachukua, hasa majina ya wenzetu. Utufunge pindoni kwa upendo wako, tusifumuke, hata siku utakapotukunjua mbele zako. Amina.

Wenu katika Kristo,

Mwalimu mstaafu, aliyekuwa mshika daftari wa akina mama