Utani Huhitaji Mtani

Kiswahili huliita jina la kupachikwa "jina la utani", na ndani ya msemo huo mna sharti ambalo tunalipita bila kulitazama. Utani ni wa pande mbili. Mzaramo anaweza kufika msibani kwa Mnyamwezi, akamcheka marehemu kwa uchoyo wake, na wafiwa wasimkunjie uso, kwa kuwa wanajua zamu yao itafika. Maneno hayohayo yakitoka kwa mtu asiye mtani huwa matusi. Haki ya anayetaniwa kujibu, na hata kukataa, ndiyo inayoutenga utani na dharau. Kwa kipimo hicho nataka kuupima ugomvi uliokisumbua Chuo Kikuu cha North Dakota, Marekani, kwa miongo kadhaa.

Timu za chuo hicho ziliitwa Sioux, na baadaye "Wasioux Wapiganaji", zikibeba nembo ya kichwa cha mwenyeji wa asili wa Marekani mwenye manyoya nyweleni. Ajabu ni kwamba jimbo lenyewe limebeba jina ambalo Wasioux wenyewe hujiita: Dakota, yaani rafiki au mshirika. Sioux ni jina la kupewa na wengine. Lilianzia kwa majirani zao Waojibwe, likapita vinywani mwa Wafaransa, likakatwa kichwa na kubakizwa mkia. Chuo kilikuwa na jina la wenyewe mlangoni, kikavaa la jirani.

Watetezi walisema ni mila. Lakini mila hiyo ilizaliwa mwaka 1930. Kabla ya hapo timu ziliitwa Flickertails, kwa heshima ya kindi mdogo wa ardhini anayetikisa mkia, mnyama ambaye jimbo nalo limepata jina la utani kwake. Wapinzani wao wa chuo cha kilimo kule Fargo walijiita Nyati. Kindi hamtishi nyati, basi wakatafutwa watu waliosifika kwa kuwinda nyati. Taifa zima likawekwa mahali pa mnyama ili limtishe mnyama mwingine. Isitoshe, mashabiki hawafi jina likibadilika: Simba ya Dar es Salaam ilikuwa Sunderland hadi 1971, na sijui shabiki anayeililia Sunderland leo.

Wengine wakasema jina lilikuwa heshima kwa ushujaa. Heshima, hata hivyo, humsikiliza anayeheshimiwa. Desemba 2000, Ralph Engelstad, tajiri wa kasino aliyewahi kuwa golikipa wa timu ya magongo ya barafuni ya chuo hicho, aliandika kuwa angesimamisha ujenzi wa uwanja aliokuwa akiufadhili kama jina lingeondolewa. Jina likabaki. Uwanja wa zaidi ya dola milioni 100 ukafunguliwa mwaka 2001, ukiwa na maelfu ya nembo: nyingine zimetiwa kwenye granaiti ya sakafu, nyingine ubavuni mwa viti. Aliyetaka kuzing'oa ilimpasa kwanza ahesabu gharama ya nyundo. Na nembo ya sakafuni, hata iwe ya kutukuza vipi, hukanyagwa na kila apitaye.

Hoja nzito zaidi ni hii: mbona wapo walioridhia? Chama kinachosimamia michezo ya vyuo, NCAA, kilipotangaza mwaka 2005 kwamba kitazuia majina ya namna hiyo katika mashindano yake ya ubingwa, chuo cha Florida State kiliendelea kuitwa Seminoles kwa sababu Waseminole wa Florida walikubali. Notre Dame nayo huitwa "Waayalandi Wapiganaji", jina linalosemekana lilianza kama kejeli dhidi ya Wakatoliki, kisha chuo chenyewe kikalipokea rasmi mwaka 1927. Mifano hii haiuvunji msimamo wangu. Katika yote miwili, mwenye jina aliulizwa au alilitwaa mwenyewe.

Kule North Dakota, makubaliano na NCAA ya mwaka 2007 yalitaka ridhaa ya jamii mbili za Wasioux, Spirit Lake na Standing Rock, ili jina libaki. Wapiga kura wa Spirit Lake walikubali mwaka 2009. Standing Rock hawakutoa ridhaa. Je, ni haki "hapana" ya mmoja iishinde "ndiyo" ya mwenzake? Naona ni haki. Jina la watu ni kama shamba la ukoo: ndugu mmoja anaweza kulima sehemu yake, lakini kuliuza lote kunahitaji sahihi za wote. Asiyetia sahihi hajamdhulumu aliyetia. Amelinda tu fungu lake.

Mwaka 2012 wapiga kura wa jimbo, takriban theluthi mbili, waliunga mkono kulistaafisha jina hilo, na mwaka 2015 timu zikaitwa "Mwewe Wapiganaji". Wapo wanaolalamika kuwa mwewe hana ladha. Huenda ni kweli. Lakini ladha ya utani haitoki kwenye ukali wa jina. Hutoka kwa mtani aliye mbele yako, anayecheka huku akitunga jibu lake. Kwa miaka zaidi ya 80 chuo kilimtania mtu ambaye hakikumpa zamu. Siku alipoipata zamu hiyo, Standing Rock ilijibu kwa kunyima sahihi, na huo nao ulikuwa utani kamili.